Risasi Mpya za Kazini

Lidcombe, Alhamisi, Novemba 2021

Bado simwamini Mark, msimamizi wetu. Leo kwenye mazoezi ya shabaha ya walinzi, bastola yangu ilikwama mara tatu na hizi risasi mpya za ncha bapa.

“Grace, ni mkono wako, unaulegeza,” alisema.

Nikajaza zile za zamani, za ncha ya mviringo. Zilifyatuka zote bila kukwama. Nikampa bastola ajaribu zile mpya mwenyewe, ikamkwamia kwenye risasi ya pili. Eti barakoa ilimtia mvuke kwenye miwani.

Mvuke unakwamishaje risasi?

Nilidhani atazitupa, kumbe alizirudisha kabatini kwa zamu ya kesho. Nikamwambia siendi zamu nazo. Akanipa boksi moja la zile za zamani.

“Usiwaambie wenzako.”

Kabla sijafika stesheni ya treni nilikuwa nimewapigia simu wote.