Kauri, Zambarau, Mafuta ya Bata

Athmani, rafiki yangu,

Nakuandikia kutoka Malaz, kwenye meza ile ile uliyoimwagia chai ulipokuja Riyadh mara ya mwisho. Doa halijatoka. Kuna jambo linaninyima utulivu, na aliyelianzisha ni wewe.

Mwanao Mwanaisha anajaribiwa Jumamosi. Hoteli moja Mombasa inatafuta mpishi mkuu, nayo imemtaka apike chakula cha kuendana na divai nyekundu ya Cahors, ile ya kusini-magharibi mwa Ufaransa. Divai haionji, kama wewe. Akafungua daftari lako, akakuta mstari mmoja tu kuhusu divai: "Kauri: zambarau, chumvi, mafuta ya bata." Akanitumia sauti kwenye simu: "Ami, shikamoo. Ndiyo kusema nipakue kwa sahani za kauri? Na hiyo divai yafanywa kwa zambarau?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha kicheko kikakatika. Tuliojua kwamba "Kauri" ni Cahors ilivyoingia masikioni mwako tulikuwa wawili.

Unakumbuka ile hoteli ya pwani, kabla hatujaja Saudia? Mimi mhudumu wa mezani, niliyefunzwa kuonja na kutema. Wewe jikoni, divai hujaitia mdomoni hata siku moja, na bado wageni Wafaransa walitaka kujua nani kapika. Nilipoanza habari za harufu na weusi wa wino ulinikatiza: "We Mtaita, wacha mashairi. Inauma wapi?" Nikakwambia haiumi, inakaza; ina ukakasi kama zambarau isiyoiva sawasawa. Ukapiga paja. "Basi yataka chumvi na mafuta!" Nani wa pwani asiyejua kuwa zambarau hutikiswa pamoja na chumvi kuua ukakasi? Ukalaza mapaja ya bata kwenye chumvi hadi kesho yake, ukayapika polepole ndani ya mafuta yake yenyewe, maharage meupe kando. Samaki ulimkataa katakata. "Atanuka chuma," ulisema. Nikajaribu kwa siri. Alinuka chuma.

Lakini Athmani, miaka ishirini na zaidi sijaonja tone. Tangu tuje huku, wewe ukiwapikia wafanyakazi kule Al-Baghdadiyah, Jeddah, nami hapa nikitafsiri mikataba na karatasi za ikama, vile vibali vya kukaa, mchezo wetu wa "inauma wapi" tuliucheza kwa chai ya rangi iliyokolea mno. Sasa naogopa. Ninachokumbuka ni divai, au ni maneno yetu juu ya divai? Huenda siku hizi wameilainisha. Huenda haikuwa kali hivyo hata zamani. Nikimpotosha, atakosa kazi kwa sababu ya mzee aliyejifanya anajua.

Jana sikumjibu. Leo asubuhi akaniandikia tena, maneno matatu: "Ami, inauma wapi?"

Mimi sijamfundisha hayo. Nikaenda jikoni.

Nikapasua komamanga, nikatafuna ule utando mchungu unaotenga punje. Ufizi wa juu ukakaza, mashavu yakavutwa ndani. Pale. Pale hasa! Nikamjibu upesi kabla woga haujarudi: Kauri ni jina la mahali, si sahani. Divai ni ya zabibu. Zambarau ni namna inavyokaza. Pika bata wa baba yako. Ukimkosa, bega la kondoo lenye mafuta. Chumvi itangulie mapema. Pilipili iwe haba, maana huchochea ukakasi. Jibini ya mbuzi ije mwisho. Nikaongeza, kwa aibu, kwamba ulimi wangu ni wa zamani: kabla ya Jumamosi ampate anayekunywa, ampe kijiko cha nyama na funda la divai, amwambie aonyeshe kwa kidole panapokaza. Akionyesha kwingine, amsadiki yeye, si mimi.

Hajajibu. Kila simu ikilia nashtuka.

Ulipokufa nilipanda basi kituo cha Batha, hapa Riyadh, mara niliposikia, nikafika Jeddah wameshakuzika. Nilisimama nje ya ukuta wa makaburi na mkoba wangu, maana mimi si wa dini yako, nikarudi bila kukuaga. Basi nakuaga sasa. Lala salama, mpishi. Jumamosi ikipita nitakuja tena hadi ukutani, nikwambie alichopata binti yako, kiwe kitamu au kichungu. Na kama nilikosea, nitalitamka kosa langu kwa sauti.

Ila usiniulize inauma wapi. Siku hiyo sitaonyesha ufizi.

Mtaita wako