Pemba za Mezani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Gunia la pemba, udongo wa kula, limefika jana na basi la Geita. Asubuhi nimezimwaga uani, nimezigonga moja moja. Pemba nzuri hulia kavu. Iliyochanganywa majivu hunyamaza. Nimetupa kumi na mbili. Aliyechimba nitamsema, hanijui vizuri.

Wajawazito watatu mezani kwangu sokoni kabla ya saa nne. Wananunua udongo huu na kuutafuna hapo hapo kama karanga.

Neema, mkwe wangu, kaenda kliniki. Mimba ya miezi sita. Karudi hana rangi, kaketi kizingitini kupumzika kabla ya kuingia ndani. Kipimo cha damu nane. Mwezi uliopita ilikuwa tisa. Nesi hajui kwa nini inashuka wakati vidonge anameza. Ikiendelea hivyo hatajifungulia hapa, atapelekwa hospitali kubwa, na watu wa kumtolea damu tuwatafute mapema. Mwanangu Masanja yuko Geita, anachimba dhahabu, simu yake haipatikani. Nimemwambia Neema asiogope. Mimi ndiye ninayeogopa. Dada yangu Kabula alimwaga damu siku ya kujifungua, tukamzika na kitoto chake. Sitaki kuandika zaidi.

Nimempa pemba tano, zile nyeupe kabisa. Za kuongeza damu. Kazipokea kwa mikono miwili, kapiga goti. Mkwe nimepata.

Jumatano, 5 Machi

Nimegombana na Mama Devota, jirani yangu sokoni, muuza dagaa. Mbele yangu kamwambia mteja wangu kwamba pemba zinakula damu. Nimemwonyesha kipeperushi nilichobandika mezani, kilikuja ndani ya gunia. Kina picha ya daktari mwenye koti jeupe na maneno makubwa: PEMBA HUONGEZA DAMU. Kacheka mpaka kashika mbavu. Ati hata yeye akivaa koti jeupe atakuwa daktari wa dagaa.

Kwa hasira nimesema nitamletea kitabu. Soko zima limesikia.

Sasa kitabu nakitoa wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda maktaba, kipeperushi mkononi. Miaka yote napita mbele yake nikidhani ni ya wanafunzi. Nimevua kandambili mlangoni. Kuingia ndani, watu wote wana viatu. Nimetaka kugeuka. Mkutubi katoka, kaziokota kandambili zangu kwa mkono wake, kaniwekea miguuni. Hakucheka. Kasema tu, “Shikamoo, mama, karibu uketi.” Anaitwa Bi Mwanaidi. Mwembamba, sauti ndogo, ana umri wa kuzaliwa na mimi.

Nimemwambia nataka kitabu kinachosema pemba zinaongeza damu. Hakubisha. Kaomba kwanza aone kipeperushi changu. Kauliza nani kakiandika. Hakina jina. Kauliza lini. Hakina tarehe. Kauliza nani atafaidika nikikiamini. Nimetazama chini kabisa ya karatasi. Namba ya simu. Ya yule yule anayeniletea magunia.

Nimejiona mimi ndiye pemba ya majivu.

Kinachoniuma ni kwamba hayo ni maswali yangu mimi. Gunia silipokei bila kuuliza nani kachimba, wapi, lini. Udongo nauhoji. Karatasi nimeibandika tu.

Bi Mwanaidi kasema nirudi kesho, atakuwa ametafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa maktaba tangu saa nane mpaka wanafunga. Bi Mwanaidi yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, midomo imemkauka, na bado kanisomea kila nilipokwama. Mimi husoma kwa kidole chini ya mstari. Kidole kilipokwenda polepole, naye alisubiri. Sijawahi kusubiriwa hivyo na mtu msomi.

Kanitafutia kitabu cha afya ya mama na mtoto, mwongozo wa wakunga, na maandishi ya kwenye kompyuta aliyonigeuzia Kiswahili. Kila kimoja kaanza kunionyesha aliyekiandika na mwaka. Kitabu kimoja kakirudisha rafuni mwenyewe, kimezeeka. Hata kinachoutetea udongo hakukificha: kuna wanaosema udongo hutuliza kichefuchefu. Lakini kwenye damu wote walikuwa njia moja. Udongo unaweza kuuzuia mwili usipokee madini ya chuma, na hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Tena udongo wa kula unaweza kuwa na mayai ya minyoo, hata madini ya risasi na zebaki, kutegemea ulikochimbwa.

Nimeuliza kuhusu gunia langu. Kasema hajui, hakuna alikoona limepimwa. Nimelipenda jibu hilo kuliko yote. Mtu anayejua elimu yake inaishia wapi! Mimi nimeuza miaka kumi na tisa na sijawahi kusema sijui.

Nikauliza tena. Je, damu ya mkwe wangu naimaliza mimi?

“Mimi si daktari, mama,” kasema. “Swali hilo lipelekeni kliniki. Na nesi aambiwe kila anachokula.”

Nimenakili yote kwa mkono wangu, kurasa mbili. Nimemshukuru, wabeja, Kisukuma changu kimetoka chenyewe. Njiani nimelia. Mwanzo hasira, baadaye aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda sokoni. Mama Devota atadhani kashinda. Adhani tu.

Nimemuuliza Neema alimwambia nini nesi. Kainama. Nesi humuuliza kila mwezi kama anakula udongo. Kila mwezi hujibu hapana.

Kwa nini?

“Ningesemaje, Mama, na udongo ni wako?”

Hakutaka nitajwe vibaya kliniki. Na siku nyingine hakuwa na hamu hata kidogo. Kala kwa sababu nimempa mimi, na mkono wa mama mkwe haurudishwi. Kayasema haya macho yakiwa chini, kana kwamba mkosaji ni yeye.

Miaka yote najisifu kwamba mkwe wangu hanijibu. Heshima niliyoipenda ndiyo ilikuwa inammaliza. Siwezi kulala na jambo hili na sina wa kumsingizia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeongozana naye kliniki. Benchi limejaa, nusu yao wateja wangu. Wamenisalimia kwa furaha, masikini. Nesi alipouliza nikajibu mimi. Kwa sauti, nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Anakula. Ninayempa ni mimi. Ninayeuza ni mimi.

Benchi zima limegeuza vichwa.

Nilingoja kutukanwa. Nesi kaandika, kaniomba kurasa zangu mbili, kazisoma mpaka mwisho. Kauliza nimezipata wapi. Nikasema maktaba, na nani kaandika nini, na mwaka gani. Kanitazama upya. Kaongeza jambo moja ambalo sikuwa nalo: vidonge vya damu visimezwe na chai. Na Neema humeza na chai kila siku! Tumepewa dawa ya minyoo. Pemba basi, tangu leo. Turudi baada ya wiki nne.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ukuta wa jiko umelowa na kunukia, nikamkuta Neema kausogelea, anakwangua kwa ukucha. Kaniona, kaanza kulia. Nimekaa naye chini pale pale, tukala karanga za kukaanga mpaka hamu ikapita. Haikupita haraka. Nami nilitamani. Mimba zangu zote nilizilea na udongo, sasa najiuliza kuhusu zile mbili zilizoharibika. Hakuna kitabu cha kunijibu hilo. Nisiulize.

Gunia nimelimwaga kwenye dimbwi la mlangoni. Sasa tunapita bila kulowa miguu.

Jumanne, 18 Machi

Meza yangu sasa ni karanga na mlenda mkavu. Wateja wengine wamehamia mbele, kwa yule anayeuza pemba bado. Wawili wamenitukana, ati nimewalisha sumu halafu nimejifanya mtakatifu. Wana haki. Wengine wameziomba kurasa zangu, nikawaelekeza kwa Bi Mwanaidi. Wasome wenyewe. Na kandambili wasivue.

Kwa Mama Devota nimekwenda kabla hajanifuata. Nimemwambia kitabu nimekileta, na kinasema mkweli ni yeye. Nilijua atacheka wiki nzima. Kanipimia dagaa kopo limejaa pomoni. “Za mkwe wako, Mama Masanja,” kasema, kaendelea kufukuza inzi.

Jumatatu, 7 Aprili

Damu tisa na nusu!

Nesi kanionyesha kadi, nimesoma mwenyewe, kwa kidole. Nimepita maktaba kumwambia Bi Mwanaidi. Hakujisifu hata kidogo. Kauliza tu nesi kasema nini kuhusu mwezi ujao, kisha kamgeukia mzee aliyekuwa akingoja na swali la sukari. Nimesimama kidogo kumtazama. Anafanya kazi ya kuokoa watu na hapandishi sauti.

Masanja kapiga simu. Nimempa Neema aongee kwanza.

Jumapili, 13 Aprili

Neema karudi kutoka kanisani na tawi lake la Jumapili ya Matawi, kalichomeka juu ya mlango. Siku tulivu. Nimepika wali. Yeye kachemsha yai.

Nimemwambia aliache. Mjamzito akila yai mtoto huzaliwa na kipara, nimelisikia tangu nikiwa msichana.

Alikuwa ameshalimenya. Akalishika hivyo, hakuliweka chini wala hakulipeleka mdomoni. Halafu akainua macho. Mara ya kwanza tangu aolewe.

“Mama, hilo nani kasema?”

Nimefikiri. Jina sina. Mwaka sina. Nimemsogezea chumvi.