Sarafu ya Saba

Tororo, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na duka sijafungua.

Nimefanya upumbavu, na anayeulipia ni mtu mwingine.

Wandera, mkulima wa Bulumbi huko Busia, alichimba shimo la choo akakuta sarafu saba za shaba, zimeshika kutu ya kijani. Akaniletea mimi kwa sababu zina maandishi ya Kiarabu, na kwake kila mwenye kofia anajua kusoma. Ningesema sijui, yakaisha. Kurani naisoma kwa irabu zake, lakini yale makwaruzo yalinishinda. Nilitambua neno moja tu, sultani. Wa Kilwa? Wa Misri? Allahu aalam. Nikajikohoza kama shehe, nikamwambia ni za kale mno, aniachie nizisafishe zisomeke.

Kusafisha ndiyo kazi yangu. Masinia ya Idi ya mji huu yote hupita mikononi mwangu: ndimu, majivu, kitambaa. Nilizisugua zikang'aa. Kusomeka hazikusomeka, ila wallahi zilipendeza.

Juzi Wandera alizichukua. Njiani kurudi Busia, wanajeshi wakampekua kwenye kizuizi cha barabarani. Binamu yake alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Askari aliishika moja juani, akasema, "Hii pesa iko mpya. Wewe naficha pesa ya nje."

Siku hizi za utawala wa jeshi pesa ya nje ni magendo, na kwa magendo watu wanapigwa risasi. Wandera alijitetea kwamba zimetoka ardhini. Walimcheka, wakamtupa ndani ya gari, wakampeleka kambini kwao.

Kutu ile ndiyo ingekuwa shahidi wake. Mimi niliifuta kwa ndimu.

Na bado sijaandika lililo baya zaidi. Nilimrudishia sarafu sita. Nilimwambia ya saba imevunjika nikiisugua, na yeye, maskini, akanijibu, "Pole, fundi." Mimi ndiye niliyepewa pole! Kumbe nilikuwa nimeitenga mapema, nikaiuze upande wa Kenya. Imo kwenye mkebe wa majivu, kijani vilevile kama ilivyotoka shimoni. Hakuna kitu kingine duniani cha kumtetea yule mtu. Nikiipeleka kambini, nami nimekutwa na pesa ya nje, tena ya wizi.

Nimemweleza mke wangu Zaituni yote. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Mke wa Wandera alikuja jana kukuulizia. Nilimwambia umesafiri."

Naogopa. Nimeshafikiria visingizio vyote, hata cha mvua. Lakini asubuhi nitaipeleka kama ilivyo, bila kuigusa kwa kitambaa.

Kesho ni Alhamisi. Zaituni ananipigia pasi kanzu ya Ijumaa, na sijamuuliza kwa nini.