Rafiki Yangu Anataka Kuazima Nyumba Yetu

Mpendwa Shangazi Mbithe,

Ninakuandikia kuomba msaada kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na ukichelewa kujibu nitaelewa, lakini haitanisaidia.

Mimi ni msichana wa gredi ya tisa hapa Emali, ninaishi na susu, yaani mama yake mama yangu, na shuleni kwetu kuna kikundi cha maombi ambacho kila Jumamosi humtembelea mwanachama mmoja nyumbani kwao, tunaimba, tunaiombea familia, tunakunywa chai, na Madam Gakenia ambaye ni mlezi wetu huandamana nasi kwa sababu anasema ukitaka kumjua mwanafunzi, ujue mlango anaotokea asubuhi. Sasa zamu imemfikia rafiki yangu Ndinda, na Ndinda hana mlango.

Tangu mwenye nyumba aliyewapangisha aweke kufuli lake juu ya kufuli lao, yeye na mama yake wanalala sokoni, ndani ya kibanda ambamo mama yake huuza ndengu, juu ya magunia, na alfajiri Ndinda huoga kwenye bafu la soko na kufika shuleni mapema kuliko sisi tulio na vitanda, ndiyo maana walimu humsifu kwamba anapenda masomo. Shuleni ni mimi tu ninayejua. Alisema nikimwambia mtu ataacha shule, na Ndinda hatishi bure, kwa sababu siku moja walimcheka akiimba kwaya, akasema hataimba tena, na hajaimba mpaka leo.

Badala yake ameniomba nimwazime nyumba yetu kwa mchana mmoja, ili wageni wadhani ni kwao.

Nilimwuliza, "Na zamu yangu ikifika wiki inayofuata, nitawapeleka wapi?"

Akasema, "Utawaleta hapo hapo. Utasema nyinyi ndio mlifungiwa nyumba, sisi tukawahurumia."

"Yaani mimi ndiye niwe sina kwetu?"

"Wewe utaweza," akasema. "Wageni wakienda, wewe utabaki hapo ulale."



Nilitegemea susu akatae, kwa sababu ameokoka na hata kuku wa jirani akitaga kwetu hulirudisha yai kwa mwenyewe, lakini Ndinda alimwendea mwenyewe akamwambia kwao wanapiga plasta, na susu akasema, "Nyumba ni ya Mungu, mimi ni mlinzi tu. Lakini uongo sisemi. Wakiniuliza kama wewe ni mjukuu wangu, nitawaambia wale mandazi kabla hayajapoa." Sasa susu amezoea kumwita Ndinda mjukuu wangu, na mimi ananiita Ndinda. Tumeondoa picha zangu ukutani, nazo zimeacha miraba safi inayoonyesha kwamba hapo palikuwa na picha. Kivuva, katibu wa kikundi, ambaye hukumbuka kila nyumba ilikuwa na viti vingapi, ameshaniuliza mbona njia aliyoelekezwa ya kwa kina Ndinda inafika karibu hivyo na kwetu.

Nikisema ukweli nitampoteza Ndinda, na shule itampoteza kabla ya mtihani, na nikinyamaza nitakuwa nimedanganya katika maombi nikiwa nimefumba macho. Naamini kuna njia ambayo sijaiona. Nifanye nini?

Wako mtiifu,
Mwenye Nyumba, Emali

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Nyumba,

Nimebadilisha majina yenu yote, na soko lenu nimelihamishia mji mwingine, kwa hivyo gazeti hili likifika shuleni usianze kutokwa na jasho.

Pole. Umebeba mzigo wa mtu mzima, na uliubeba vizuri mpaka ulipoanza kutoa picha ukutani. Hapo uliingia upuuzini. Kijana anayehesabu viti ataiona miraba hiyo kabla hajakaa.

Kikundi chenu nacho nina neno nacho. Mnaziombea familia kwa zamu, na hakuna aliyeuliza kama kila familia ina pa kuteleka sufuria ya chai. Madam Gakenia ana nia njema. Hata nia njema hupiga hodi.

Sasa nisikilize. Ndinda alikuambia jambo kubwa, nawe ukalipita ukitafuta jibu. Alisema wewe utabaki hapo ulale. Binti, huyo haombi sebule. Anaomba kitanda, ila chai ndiyo aliyoweza kuitaja bila aibu.

Usiende kwa mwalimu kisirisiri. Mwendee Ndinda. Mwambie siri yake hutaitoa, lakini nyumba kwa ajili ya maonyesho humpi. Kisha mwende nyote wawili kwa susu, na Ndinda aseme kwa kinywa chake kwamba hakuna plasta. Akikwama, mshike mkono, usimsemee. Akimaliza, wewe muulize susu: kama tunaweza kumwazima nyumba mchana ili wageni wamwone, je, tunaweza kumwazima usiku, ambapo hakuna anayemwona?

Mama Ndinda aitwe siku hiyo hiyo. Mtoto hahamishwi kama kiti, na yule ni mama anayefanya kazi, hapangiwi mambo akiwa hayupo. Yeye ndiye atakayemweleza mwalimu, faraghani. Shule inaweza kutafuta msaada wa sare na chakula bila kumsimamisha mtoto mbele ya gwaride apigiwe makofi, na ikishindwa, afisa wa watoto yupo na mlango wake hubishwa bila malipo.

Susu asipoweza, msimlaumu. Mama Ndinda amwombe Madam kikundi kikutane darasani muhula huu, sababu isitajwe. Watakaotaka kujua watakaa na hamu yao.

Lakini akikubali, na kutokana na ulivyomweleza nadhani atakubali, zamu ya Ndinda ibaki Jumamosi hiyo hiyo. Kivuva akiuliza hapa ni kwa nani, mtajibu "kwetu" nyote wawili kwa pamoja, bila kuangaliana kwanza.