Volti Arobaini na Mbili

Jumapili, 9 Julai 2017

Kengele tena. Mara ya tatu wiki hii. Mashine ya hewa ya Salimu inapiga kelele, inazima, na mume wangu anang'ang'ania shuka kama mtu anayeteremka shimoni. Nimechomoa, nimesubiri, nimechomeka. Imewaka. Dakika kumi na moja bila hewa.

Wageni walikuwepo. Mama Furaha, jirani yetu msusi, na wenzake saba wa kanisani. Sisi Waislamu wa Tanga, wao walokole wa Bukavu, lakini hapa La Rochelle, Johannesburg, mgonjwa ni wa mtaa mzima. Walimwashia hita miguuni, wakachemsha maji ya chai. Mungu awalipe. Baridi ya Joburg haina adabu.

Jumatatu, 10 Julai

Mwenye nyumba kashikilia kuwa mashine ni mbovu, umeme wake hauna neno. Haya, tupime. Nimeazima mita kwa Papa Ilunga, Mkongomani anayetengeneza televisheni kule Jeppestown. Nikazima kila kitu chumbani, hata mashine kwa dakika moja, nikapima soketi. Volti 229. Safi kabisa. Fizikia ya kidato cha nne haikupotea bure.

Basi kosa ni la mashine. Kesho naipeleka hospitali.

Jumanne, 11 Julai

Siwezi kuandika vizuri.

Nilifunga mashine mgongoni kwa khanga. Kilo kumi na tano. Fundi wa hospitali aliiwasha, akaiacha saa mbili nzima. Haikulia hata mara moja. Nzima, akasema. Nesi akaniambia kwa upole kwamba kama haitufai, kuna wengine wanaisubiri.

Nimerudi, midomo ya Salimu ya bluu. Mama Furaha amempakata kichwa, anamwombea. Karibu saa tano nzima bila mashine. Ni mimi niliyemwacha bila hewa. Mimi na mita yangu.

Jumatano, 12 Julai

Zamani alitosheka na lita mbili za hewa kwa dakika. Leo nesi amekuja kumwona, ameongeza hadi nne. Hakusema kama atarudi kwenye mbili. Sikuuliza. Naogopa.

Papa Ilunga alipita baada ya kazi. Akauliza nilipopima nilikuwa nimewasha nini. Nikamjibu, hakuna.

"Dada, ukipima bila muzigo, waya inakudanganya."

Ndiyo. Bila mkondo hakuna volti inayopotea njiani. Nilijua. Niliwahi kupewa alama kwa swali hilo hilo. Nimejichukia jioni nzima.

Alhamisi, 13 Julai

Papa Ilunga kaleta na koleo la kupimia ampea. Tumewasha vyote kwa sekunde chache: mashine, hita, birika. Soketi ikashuka hadi volti 187. Kengele. Tukazima haraka. Mkondo ulikuwa ampea 14.

229 toa 187 ni 42.
42 gawa kwa 14 ni 3. Omu tatu za waya, kutoka nyumba kubwa hadi chumba chetu cha uani. Waya mwembamba, umeungwaungwa kwa utepe wa plastiki.
42 mara 14 ni 588. Wati 588 zinateketea njiani. Mashine yenyewe inakula 350 tu.

Nimerudia hesabu mara nne nikitamani nimekosea. Kibandiko cha mashine kinadai volti zisizopungua 207. Mashine peke yake, 224. Ukiongeza hita tu, 205.

Hita yetu huwa haiwashwi, tunabana matumizi. Huwashwa wakija wageni. Kengele zote zimelia siku za wageni.

Ijumaa, 14 Julai

Mwenye nyumba: waya mpya, labda mwisho wa mwezi. Nilimsihi mpaka nikaona aibu. Mwisho wa mwezi.

Jioni akina Mama Furaha wakaja. Nikawazuia mlangoni, nikasema hakuna hita, hakuna chai. Kwetu mgeni haondoki mdomo mkavu, na mimi nawafukuzia baridini. Mama Furaha alinuna. Akadhani nimechoka nao. Akaokota mkoba wake.

Nikamvuta mkono hadi kwenye mita. 224. Nikawasha hita. 205. Nikazima upesi. Nikamweleza yote, waya, birika, kengele. Akakaa chini, sakafuni.

"Kumbe ni siye tulikuwa tunamunyima hewa?"

Tulilia wote wawili, Salimu akitutazama.

Jumapili, 16 Julai

Wamekuja watano, na mablanketi yao mabegani. Chai wamechemsha kwao, wameileta kwenye chupa. Tulikunywa na makoti. Wakaimba kwa sauti ya chini, wakaondoka mapema.

Mita 223. Kengele haijalia tangu Alhamisi. Bado lita nne.

Kabla hawajaondoka Salimu aliwaambia, neno moja moja, jinsi nilivyobeba mashine mgongoni Jumanne. Wakanisifu. Nikainamia kikombe.

Miguu yake ni barafu. Nimepanda kitandani kumkumbatia, maana hita pekee isiyokula umeme humu ndani ni mimi. Anapumua. Anajua nilikwenda hospitali. Hajui kwamba safari yenyewe haikuhitajika. Nitamwambia akipata nguvu ya kunikasirikia.