Mafiga Yaliyozikwa Jikoni

Bibi yangu,

Mafiga yako hayako chini ya mkorosho. Hayajawahi kuwa huko. Sijamwambia mtu yeyote, wala Mama. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye niliyekudanganya, na ukanishukuru.

Nilianza kukuandikia kwa Kiingereza. Mama siku hizi anakwenda darasa la watu wazima, anasoma kwa kidole, herufi moja moja, lakini Kiingereza hakijui, nikaona nijifiche humo. Halafu nikakumbuka kwamba na wewe hukijui. Nimeichana ile karatasi.

Leo ni siku ya thelathini na nane tangu utuache. Nimekaa kwenye jiko jipya, mahali pako, karibu na mbuzi yako ya kukunia nazi. Tangu juzi hakuna anayeingia humu ila mimi. Mama anapikia uani kwa jiko la mkaa. Anasema bomba linarudisha moshi. Kweli linarudisha, ila na yeye kuna kitu amekisikia humu, hasemi tu.

Huko nje Baba anachimba. Nalisikia jembe.

Unakumbuka siku mwalimu wetu wa sayansikimu alipotupeleka Shangani kuona jiko la nyumba waliyokaa Wazungu? Mpishi anasimama wima. Maji, kisu, moto, vyote anavifikia bila kupiga hatua. Nilirudi nikachora majiko matatu. Moja la nyumba ya udongo kama ya Shangazi kule Likombe, lenye tundu la moshi juu, upande usiopigwa na upepo. Moja la nyumba zenye ua kama za Ufukoni, lenye ukuta mfupi ili upepo wa bahari usivuruge moto. La tatu lilikuwa letu hapa Rahaleo. Mwalimu akalisifu mbele ya darasa, mimi nisiyeweza hata kunyoosha kidole, akasema likijengwa atakuja kuliona.

Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Nilikuona umechuchumaa mbele ya mawe matatu yenye masizi, unapuliza moto, halafu nikamwona mwalimu amesimama mlangoni na viatu vyake vyeupe. Nisamehe. Nilikuonea haya wewe.

Baba akaniita nimsomee kitabu cha Kiingereza cha kujengea majiko, nilichoazimwa na mwalimu. Nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi: dirisha liwe hivi, meza ya moto ifike kiunoni. Nilipofika mwisho wa ukurasa sikunyamaza. Nikaendelea kusoma: "Na mafiga ya zamani yaondolewe, yanaleta maradhi."

Kitabu hakikusema hivyo, Bibi. Chini ya ukurasa palikuwa na picha ya ndoo.

Wewe ulikuwa kizingitini unachambua mchicha kwa vidole, macho yameshafunga ukungu. "Jiko la kupikia umesimama!" ukasema. "Kwani nyumba inaungua, tunataka kukimbia?" Baba akacheka. Halafu ukaurudia mchicha wako. "Basi, kama kitabu kimesema. Ila mke mwenzangu aniwekee mawe yangu. Chungu cha arobaini yangu kipikwe juu yake."

Mke mwenzangu ni mimi. Hakuna tena anayeniita hivyo.

Na mawe yale nilijua ni nini. Pwani hii jiwe ni tumbawe, ukilitia motoni linageuka chokaa, chungu kinakwenda upande. Ndiyo maana mama yako, ulipoolewa huku, alikutumia mawe meusi matatu kutoka bara. Yaliteremka Ruvuma kwa mtumbwi mpaka Kilambo, na kutoka hapo yakaja kichwani. Wenzako walifinyanga mafiga ya udongo wa kichuguu kila mvua zikiisha. Wewe hukufinyanga hata moja. Uliyapa majina: la mlangoni, la upepo, na la kwangu.

Siku ya kujenga, Fundi Selemani alipandisha tofali pande zote za ile meza, katikati pakabaki shimo. "Mwanangu, nipe kifusi," akasema. "Mawe, vigae, chochote kile. Na hili jiko likiisha, hata Mzungu ataomba ugali." Nilikuwa na mafiga yako kwenye karai, nayapeleka chini ya mkorosho. Kweli nilikuwa nayapeleka. Lakini nilifikiria mwalimu akizunguka nyuma ya nyumba na kuyaona. Nikampa fundi lile karai. Hakuuliza. Aliyapanga chini, akamwagia zege, akaenda zake Newala kwenye kazi nyingine.

Jioni ukaniuliza, "Mawe yangu?" Nikasema yako chini ya mkorosho, nimeyafukia. Ukasema, "Mungu akuzidishie."

Wewe uliyejua kupika bila macho, ulipotea ndani ya jiko lako mwenyewe. Nilikukuta asubuhi umepiga magoti, unapapasa sakafu pale yalipokuwa mafiga. Kiganja kinakwenda, kinarudi. Nilisimama mlangoni, sikusema kitu. Siku ya pili uliweka mkono kwenye nondo za moto bila kujua, vidole viwili vikaungua, ukaniambia nisimwambie Mama. Hata hilo sikusema. Baadaye ikaja homa. Hospitali walisema ni homa iliyokuondoa, na wote wameridhika. Mimi nakumbuka vile vidole.

Mwalimu hakuja kuliona jiko.

Na sasa nasikia kiganja. Mchana, watu wamelala, nakisikia sakafuni: shaa, shaa. Nikiingia hakuna kitu. Juzi Mama aliwasha moto humu, na meza ilipopata joto kitu kikagonga ndani. Ko. Ko. Ko. Mara tatu. Mama akaacha mwiko kwenye sufuria, akatoka. Labda ni zege linapasuka. Nilivyosoma shuleni ndivyo hivyo, kitu kikipata joto kinatanuka. Lakini nimeyahesabu, Bibi. Ni matatu.

Mawe yangekuwa yananisumbua mimi peke yangu, ningevumilia. Ila Ijumaa ni hitima yako, na Mama ameyataka mawe. Nikasema yapo chini ya mkorosho. Baba amechimba shimo la kwanza, la pili, sasa la tatu, na asubuhi nimemsikia Mama akimwambia jirani ukutani, "Ni yule fundi. Alijua pwani hapapatikani mawe kama yale, akambebea mkewe." Jirani naye, "Nami mwiko wangu wa kupigia lipu siuoni tangu siku ile!" Fundi Selemani anarudi kesho. Baba amesema akishuka tu kwenye lori wanakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, mbele ya watu. Mtu aliyeniita mwanangu.

Jembe limenyamaza.

Kuna malapa yanakuja, ni ya Mama, mguu wa kushoto unaburuza. Kila nilipoandika wiki hizi nimekuwa nikiingiza daftari chini ya mbuzi yako nikisikia hatua. Leo silifichi. Naandika herufi kubwa sasa, moja moja, aweze kuzifuata kwa kidole. Akifika pale kwenye karai nitamsomea mwenyewe, nisiongeze neno ambalo halipo.

Bibi, nakuahidi: nyundo nitaishika mimi. La mlangoni, la upepo na la kwako yatatoka, nitayaosha, na Ijumaa nitachuchumaa mbele ya mafiga, watu wote wakitazama. Pumzisha mkono wako. Usipapase tena.

Mama amefika mlangoni. Anauliza naandika nini. Namsogezea daftari.

Mke mwenzako