Kengele ya Chiriku

Chumba cha juu, nyuma ya uwanja wa mnada
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute mzima, na mikono isiyo na malengelenge mapya. Vipi macho? Mara ya mwisho ulisema cheche za kuchomelea vyuma zinakukosesha usingizi, nami nakujua, ile miwani unaivaa kichwani kama kofia. Ivae machoni. Mama anauliza kama unakula.

Hapa ningeandika kwamba na sisi hatujambo, maana ndivyo barua inavyotakiwa kuanza. Siwezi. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupokea simu zako: kila nikisikia sauti yako, yangu inakwama, na mnadi asiye na sauti ni kichekesho.

Uliuliza habari za upasuaji wa Chiriku, kitinda mimba wetu. Hautafanyika. Madaktari wamemwangalia upya, wakasema moyo wake hautahimili nusukaputi. Jumatano wakamruhusu arudi nyumbani, lakini si kwa kuwa amepona. Wamempa dawa za kupunguza maji mwilini, na sindano ya kila mwezi ili ugonjwa usimrudie kooni. Huo wa kooni umezuiwa. Kwa ule wa moyoni, la kuvunda halina ubani.

Najua huelewi koo na moyo vinahusiana vipi. Hata mimi nilimwambia daktari asinichezee akili. Basi nikueleze tangu mwanzo, nawe usimkasirikie mtu.

Unaikumbuka desturi yetu ya kengele. Mtoto wa nyumba hii akinadi mpaka koo likamuuma kwa mara ya kwanza, mjomba hutangaza kwamba koo limeiva, humkabidhi kengele, na siku hiyo mtoto huyo ndiye huipiga kufungua mnada. Wewe ulipopewa yako uliwika kama jogoo mwenye mafua, tukacheka mpaka wateja wakadhani tumelewa. Chiriku aliisubiri yake tangu alipokuwa hata mezani hafiki.

Mwezi wa tatu akaamka hawezi kumeza hata mate. Mwili unachemka, chini ya taya kumevimba. Alinyamaza kwa maumivu, sisi tukasema sauti imekwenda. Hakuna aliyemwambia apanue kinywa. Mjomba akamkabidhi kengele mbele ya watu, naye akapanda jukwaani akanadi kabati la vioo kwa sauti nyororo, haina hata mkwaruzo. Mjomba akatamba: "Mnaona? Wenzake koo likiiva wanakwaruza, huyu wangu anaimba!"

Baadaye, kule hospitali, daktari aliponiuliza kama siku ile sauti ilimkauka, nilijibu kwa majivuno kwamba haikukauka hata kidogo. Akaweka kalamu chini. "Basi haikuwa kazi, dada yangu," akasema. "Koo la kazi hukwaruza, wala halileti homa kama ile. Wale walikuwa bakteria."

Koo lilipoa lenyewe, tukasahau. Kumbe mwili ulikuwa bado unapigana, na katika kupigana kwake ukaushambulia moyo. Kwanza goti likavimba, likapoa, likavimba la pili, kisha kiwiko. Tukasema ni kubeba viti. Alipoanza kupumzika katikati ya vile vingazi vya jukwaani ndipo tukampeleka. Daktari anaiita homa ya baridi yabisi. Anasema makoo mengi hupona bila kuacha kitu, ni wachache mno wanaofika huku, na penisilini ya kawaida, kama ingewahi, ingemkinga. Sasa milango ya moyo imekunjamana, haifungi, damu inarudi ilikotoka. Wachache mno, na sisi tumo.

Siku hizi analala ameegemea mito, maana akilala chali ni kama anazama. Miguu imejaa maji. Hana pumzi ya kuita, kwa hiyo kengele ameiweka kando ya kitanda; akitaka kinywaji au kugeuzwa, anaipiga. Mjomba akiisikia hutoka nje. Uwanjani tunafungua mnada kwa kupiga makofi, na hakuna mteja aliyeuliza kwa nini.

Mama husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Namwacha aseme. Mimi nimenadi vitu vibovu maisha yangu yote, kisichotengenezeka nikikiona nakijua.

Ila ulimi wa Chiriku haujaugua. Jana majirani walikuja kumtazama, wakakaa na nyuso za msibani. Akagonga kengele. "Haya," akanong'ona, anavuta pumzi baada ya kila neno. "Moyo mmoja. Umetumika kidogo. Milango mibovu. Unauzwa kama ulivyo, haurudishwi. Nani anaanza?" Fundi viatu wa jirani alicheka, kisha akajifunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyetaja bei. Nilitaka kumchapa Chiriku kibao kwa hasira, nikaishia kumpangusa jasho.

Daktari hakunipa tarehe. Alisema tu kwamba walio mbali waambiwe. Usilete dawa, na hospitali za huko acha kuzitafuta. Mwombe msimamizi wako ruhusa, akikataa, ondoka hivyo hivyo.

Mama anakusalimu, ameshafua shuka za kitanda chako. Mjomba naye anakusalimu. Ukifika usimuulize kitu, mshike mkono tu. Mungu akutangulie njiani, wala asikucheleweshe.

Chiriku nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema nikuambie bei haijafungwa bado, lakini kama unataka kuongeza, ongeza upesi.

Ni mimi dada yako mkubwa,
ninayekupenda na kukungoja mlangoni.